Kitovu cha mtoto mchanga: kiwe safi, kikavu, kisipakwe majivu

Kitovu cha mtoto kinapokatwa baada ya kuzaliwa, kipande kidogo hubaki tumboni. Kipande hicho hukauka, huwa cheusi na kuanguka chenyewe, mara nyingi kati ya siku 5 na 15. Kabla hakijaanguka, viini vinaweza kupitia hapo kuingia mwilini, vikiwemo vya pepopunda.

Ndiyo maana wahudumu wa afya wanawahimiza kina mama na kina nyanya wasikipake majivu, samadi ya ng'ombe, mate, mafuta wala dawa ya meno. Nia huwa njema, kitovu kikauke upesi, lakini vitu hivyo huweza kubeba viini.

Yafanyike haya:

- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukigusa.
- Paka dawa ya klorheksidini ya kitovu mara moja kwa siku, kama ulivyoelekezwa kituoni. Isiingie machoni, kwani huweza kumjeruhi mtoto vibaya.
- Kunja nepi chini ya kitovu ili kipate hewa.
- Usikivute, hata kikining'inia.

Matone machache ya damu siku kinapoanguka ni kawaida. Lakini usaha, harufu mbaya, wekundu kuzunguka kitovu, damu isiyokoma, homa, mwili kuwa baridi au mtoto kukataa kunyonya ni dalili za hatari. Mpeleke kituo cha afya mara moja, iwe mchana au usiku.

Wajawazito nao wahakikishe wamepata chanjo ya pepopunda kliniki. Humkinga mama na mtoto.