Nani anahesabu masaa ya mutoto mu kasho?

Bandugu wa promo zote, leo natoka kidogo mu shamba yangu. Miye ni agronome, siko avoka. Lakini hii mambo ya watoto wenye wanafungwa na polisi inaomba kazi moja yenye tulifundishwa vizuri ku fakilte: kuhesabu, na kuandika kile tulihesabu.

Sheria kwanza, juu wengi tunaiongelea bila kuisoma. Inchi yetu iko na sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mutoto. Ilikuja pa nafasi ya dekre ya wakati wa Wabelgiji, ya tarehe 6 Desemba 1950. Inasema mutoto ni kila mutu mwenye hajafikisha miaka 18. Mwenye hajafikisha 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa, hata kama kartier yote ilimuona. Juje anapashwa kumuachilia, na kulipa kitu chenye kiliharibika ni mambo ingine. Kuanzia 14 mpaka mbele ya 18, kesi ni ya tribinali ya watoto, yenye ile sheria inataka iwe mu kila teritware na kila muji. Likasi ni muji. Tena Konstitisyo, kifungu cha 18, inasema polisi haiwezi kushika mutu kupita masaa 48: anaachiliwa, ao anapelekwa mbele ya wenye mamlaka ya kuhukumu.

Ku karatasi, yote iko sawa. Sasa tufuate mutoto moja wa mufano. Ana miaka 15, anakaa Kikula, wanamukamata njiani na mufuko ya mawe ya mine. Wanamufikisha mbele ya OPJ. Pale mambo tatu njo itaamua maisha yake, na zote tatu zinapita mu kalamu ya mutu moja.

Ya kwanza ni umri. Uchunguzi wa afya wa inchi yote wa 2013-2014 ulionyesha kama karibu robo tu ya watoto wa chini ya miaka 5 njo waliandikishwa ku leta. Wale watoto leo njo wako mu miaka ya kukamatwa. OPJ akiandika "18", mutoto amekuwa mukubwa, na kila mwenye anakuja nyuma, parke, buloko, anakopia paka ile nambari. Sheria inasema kukiwa mashaka, ahesabiwe kuwa mutoto. Lakini nani anaandika mashaka yake mu PV?

Ya pili ni saa. Kama alikamatwa siku ya posho mangaribi na rejista inasema aliingia siku ya kwanza saa mbili asubui, masaa 48 imeanza kuhesabiwa wakati mutoto amekwisha kulala kule mara mbili. Ya tatu: nani aliitwa? Muzazi, asista sosiali, avoka? Kama nafasi ile ya karatasi iko mweupe, hakuna mwenye atauliza.

Kusema kweli, uangalizi uko. Ordonansi 78-289 ya tarehe 3 Julai 1978 inaweka OPJ chini ya parke, na parke njo inapashwa kutembelea kasho na kuangalia rejista. Shida ni hii: majistra wa parke anatumika na PV ya ule OPJ kila siku. Akiitupa, dosiye yake yeye mwenyewe inaanguka. Na parke yenyewe, nani anaiangalia? Kuko inspeksyo ya kazi za sheria, na kuko Komisyo ya haki za binadamu (CNDH), yenye iliundwa na sheria ya 2013 na iko na ruhusa ya kutembelea mabuloko. Lakini kituo chao kikubwa ni Kinshasa, na kasho iko huku kwetu.

Wenye walisoma na miye wanajua namna SENASEM inafanya juu ya mbegu ya mahindi. Inspektere anakuja mu shamba zaidi ya mara moja, anapima umbali na shamba ya jirani, kisha laboratware inaotesha mbegu 400 na kuhesabu. Hakuna mwenye anauliza mwenye shamba "mbegu yako ni muzuri?" na kuandika jibu lake. Mahindi inapata mwangalizi wa inje, na mutoto anapata rejista ya mwenye alimufunga.

Mu 2006, ONU ilitosha kitabu cha alama 15 za kupima haki ya watoto. Kwa Likasi, nne zingetosha kuanza: walikaa masaa ngapi, walilala na wakubwa ao peke yao, muzazi alifika ao hapana, na wangapi walirudishwa ku familia bila buloko. Mutu asipime OPJ kwa hesabu ya PV zenye alipeleka, juu atazalisha PV tu. Tena muepuke wastani: watoto 9 wakitoka kisha siku moja na wa 10 akakaa siku 60, wastani ni karibu siku 7, na hakuna hata mumoja mwenye alikaa siku 7. Muandike wangapi walipita masaa 48, na ule wa murefu zaidi alikaa siku ngapi.

Kisha rejista tatu ziwekwe pembeni: ya kasho, ya parke, ya tribinali. Kasho ikiandika watoto 12 na tribinali ikapokea 5, wale 7 walienda wapi? Wanafunzi wa droit wenye wako mu staje wanaweza kufanya ile kazi kila mwezi, na nambari pa nafasi ya majina, juu mutoto hapashwi kutangazwa.

Najua jibu la polisi: hakuna karatasi, hakuna gari, hakuna chumba cha watoto. Mara mingi ni kweli. Basi iandikwe vile. Mutoto mwenye alikaa siku 5 juu ya kukosa gari, na mwenye alikaa siku 5 juu familia haikuleta pesa, mu rejista ya leo wanafanana kabisa. Kenya iliunda IPOA mu 2011, inje ya polisi, kwa kutofautisha mambo ya namna ile.

Kwa sasa, mutoto wa kwenu akikamatwa, muandike saa yenye alikamatwa na majina ya wenye waliona, mupeleke akti ya kuzaliwa ao hata karte ya chanjo, na muombe nambari ya PV mbele ya kutoka pale.