Mashine ya kukaushia nguo: Isipopumua, haikaushi

KUANZIA Juni hadi Agosti, mama mwenye watoto wa shule katika mtaa wa Baba Dogo, jijini Nairobi, huwa na kazi mbili kila jioni. Kwanza afue sare, pili aombe zikauke kabla ya kengele ya asubuhi. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi. Mawingu hutanda toka asubuhi. Nayo majumba ya ghorofa yamesongamana kiasi kwamba jua likijitokeza saa nane mchana, huangaza ukuta wa jirani badala ya kamba yako.

Basi kila nyumba hutafuta njia yake. Wapo wanaopiga pasi soksi mbichi hadi zitoe mvuke. Wapo wanaotandika nguo nyuma ya jokofu. Na wapo wanaoingiza jiko la makaa chumbani, wakalizungushia viti vilivyoangikwa sare na nepi, kisha wakafunga dirisha na kulala.

Njia hiyo ya mwisho, msomaji mpendwa, ni ya hatari kuu. Mbali na kwamba shati likianguka kwenye jiko nyumba itaungua, makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na humwondoa mtu usingizini bila hata kukohoa. Afadhali mtoto aende shule na sweta yenye unyevu kuliko familia nzima isiamke.

Ndiyo sababu baadhi ya familia za mjini hupeleka nguo kwa dobi mwenye mashine ya kukaushia, na nyingine hununua mashine yao wenyewe, mara nyingi iliyokwisha tumika ng'ambo. Makala haya ni ya hao wa pili, na pia ya kijana anayetaka kufungua biashara ya udobi. Mashine hii ni mtumishi mwaminifu, lakini ina sharti moja ambalo wengi hulipuuza: lazima ipumue.

Inavyofanya kazi

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Mashine nyingi za kufulia zina sehemu ya kukamua, ambayo huzungusha nguo kwa kasi ili maji yaruke. Huko ni kukamua tu. Nguo hutoka mbichi bado, ingawa hazidondoki maji. Mashine ya kukausha ni nyingine, na kazi yake ni kuyageuza maji yaliyobaki kuwa mvuke na kuutoa nje.

Ndani yake mna vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja. Kuna koili inayopasha hewa joto, kama ile ya birika la umeme. Kuna mota inayozungusha pipa lenye nguo kupitia mkanda wa mpira. Na kuna feni inayovuta hewa ya moto ipite katikati ya nguo, ibebe unyevu, kisha itoke.

Wazo hili si geni. Mnamo Juni 7, 1892, Mmarekani Mweusi George T. Sampson alipewa hataza ya kifaa cha kukaushia nguo kwa joto la jiko, badala ya kuzianika juu ya moto wenyewe, ambako zilishika masizi au kuungua. Tangu siku hizo mpaka leo siri ni ile ile: kinachokausha nguo ni hewa inayopita. Moto peke yake huzichemsha tu.

Manyoya ya nguo

Kila nguo inapozunguka hupoteza nyuzi ndogondogo. Nyuzi hizo hukusanyika kwenye chujio, ambalo kwa mashine nyingi liko mlangoni, na hufanana na pamba ya kijivu. Wengine huyaita manyoya ya nguo. Usiyadharau kwa wepesi wake. Yakiziba chujio, hewa haipiti, nguo hazikauki, stima inaliwa bure, na koili inapata moto kupita kiasi. Isitoshe, manyoya yenyewe hushika moto kama karatasi.

Si maneno ya kutishana. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani, nchi ambako mashine hizi zimejaa manyumbani, ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 zilisababisha moto takriban mara 2,900 kila mwaka. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, ilikuwa kutosafishwa.

Kwa hiyo shika utaratibu huu:

Kila unapomaliza kukausha, toa chujio na uondoe manyoya kwa vidole. Usingoje kesho.

Kila mwezi, lioshe chujio kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani. Dawa ya kulainisha nguo huacha utando usioonekana. Jaribu hivi: mimina maji juu ya wavu wa chujio. Yakisimama bila kupenya, ujue hewa nayo haipenyi. Likaushe kabisa kabla ya kulirudisha.

Kila baada ya miezi michache, chomoa plagi, sogeza mashine na ukague bomba la nyuma linalotoa hewa. Bomba liwe fupi, lisijikunje, na lielekezwe nje ya nyumba kupitia dirisha au tundu la ukuta. La bati ni bora kuliko la plastiki. Ukiliacha limwage mvuke chumbani, kuta zitaota ukungu na watoto wenye pumu watataabika.

Aina nyingine haina bomba. Hiyo hugeuza mvuke kuwa maji na kuyakusanya kwenye tangi dogo. Huwafaa wapangaji, maana haitaki kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Lakini tangi limwagwe kila mara, na kile kipoozeo cha chini, kama ni cha kutolewa, kisafishwe kila mwezi kwa maji ya mfereji.

Ikigoma, anza hapa

Kabla hujamwita fundi na kulipia safari yake, pitia dalili hizi. Nyingi zina tiba ya nyumbani.

Haiwaki kabisa. Je, tokeni zimekwisha? Je, soketi ina umeme? Ijaribu kwa kuchomeka taa. Angalia fyuzi iliyo ndani ya plagi. Kisha funga mlango wa mashine mpaka ulie, kwa kuwa mashine haianzi mlango ukiwa wazi hata kidogo. Uzi wa sweta ulionaswa mlangoni unatosha kuizuia.

Inazunguka lakini haina joto. Hakikisha hukuiweka kwenye hewa baridi. Kama sivyo, huenda fyuzi ya joto imekatika. Hiki ni kifaa kidogo ndani ya mashine kinachokata umeme wa koili joto linapozidi. Hapa ndipo wengi hukosea. Fundi huweka mpya, mashine huwaka, na baada ya wiki moja hukatika tena. Kilichoikata ni hewa iliyozibwa, na hicho hakikuguswa. Safisha njia ya hewa kwanza, ndipo ubadilishe fyuzi. Na fundi akikuambia ataunganisha waya moja kwa moja ili kuiruka fyuzi hiyo, mshukuru na umwonyeshe mlango. Ameondoa kitu kilichokuwa kinailinda nyumba yako.

Ina joto lakini nguo huchukua saa nyingi. Tazama chujio, bomba na tangi. Zikiwa safi, basi labda umejaza mno. Nguo zisipite theluthi mbili za pipa, ili zipate nafasi ya kurukaruka. Pia, zikamue vizuri kwanza. Kukamua kwa mashine hula stima kidogo sana kuliko kukausha, hivyo kila tone linalotoka huko ni akiba.

Inasimama mapema, nguo zikiwa na unyevu. Mashine za kisasa zina vipande viwili vya chuma ndani ya pipa vinavyopima unyevu. Vikipata utando wa dawa ya kulainisha, hudanganyika. Vipanguse kwa kitambaa chenye siki kidogo.

Inanguruma lakini pipa halizunguki. Chomoa plagi, fungua mlango, usukume pipa kwa mkono. Likizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mkanda umekatika. Hiyo ni kazi ya fundi, ingawa si ya gharama kubwa kama kubadilisha mota.

Inapiga kelele. Tafuta sarafu, misumari au vifungo. Mifuko ya suruali ya wanafunzi ni ghala. Kelele ikiendelea pipa likiwa tupu, magurudumu yanayolibeba yamechakaa.

Inanukia kuungua. Usijaribu tiba yoyote. Zima, chomoa, na usiitumie tena hadi ikaguliwe. Moto ukionekana ndani, usifungue mlango wa mashine, kwani hewa itauchochea. Zima umeme kwenye swichi kuu kama waweza kuifikia salama, usimwage maji juu ya mashine yenye umeme, toa watu nje na uite wazima moto.

Vitu visivyoingia humo

Baba Dogo ni mtaa wa viwanda na karakana. Ovaroli nyingi huko hurudi nyumbani na grisi, petroli au thina. Nguo ya namna hiyo isiingie kwenye mashine ya kukausha hata kama imefuliwa mara mbili, maana mvuke wa petroli ukikutana na koili huwaka. Ianikwe nje.

Kuna nyingine isiyodhaniwa. Aproni na vitambaa vya mpika chapati, mandazi au chipsi hunyonya mafuta ya kupikia. Vikitolewa vikiwa moto na kurundikwa, mafuta hayo huendelea kutoa joto yenyewe, na rundo laweza kushika moto saa kadhaa baadaye bila mtu kuligusa. Kwa sababu hiyo pia, nguo yoyote iliyotoka kwenye mashine itandazwe ipoe kabla ya kukunjwa. Na stima ikipotea katikati ya kazi, fungua mlango, toa nguo zote na uzitawanye.

Mpira na sponji navyo ni marufuku. Na watoto wafundishwe kwamba pipa si mahali pa kujificha.

Umeme na mkoba

Mashine ya namna hii hula kiasi cha wati 2,000 hadi 3,000. Plagi yetu ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampia 13, kwa umeme wa volti 240, hubeba wati 3,120 tu. Yaani mashine peke yake inakaribia kuimaliza soketi. Usiichomeke kwenye ekstensheni pamoja na jokofu na pasi. Plagi ikipata moto hadi mkono haustahimili, au ukihisi umeme ukikuwasha unapogusa mashine, acha mara moja na umwite fundi wa umeme akague waya za nyumba, hasa ule wa ardhini.

Hesabu ya tokeni ni rahisi. Mashine ya wati 2,500 ikipasha joto saa nzima hula uniti 2.5. Zidisha kwa bei ya uniti uliyonunulia na kwa idadi ya siku unazofua, utajua kama mkoba wako unaweza. Familia nyingi zitaona busara ni kuitumia kwa sare, nepi na taulo peke yake.

Unaponunua iliyotumika, soma kibati cha nyuma kabla ya kutoa pesa. Kiwe kimeandikwa volti 220 hadi 240 na mizunguko 50. Zilizotoka Uingereza huoana na umeme wetu hata kwa plagi. Zilizotoka Marekani zimetengenezwa kwa mfumo tofauti, na bei yake nafuu huweza kukuingiza hasara siku ya kwanza. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako kwa dakika 15. Isikilize, iguse, inuse. Kisha toa chujio ulitazame. Lililotoboka au lililogandamana manyoya linaeleza jinsi mashine ilivyotunzwa.

Jua bado ni la bure

Pamoja na yote hayo, hakuna mashine inayoshinda jua. Januari na Februari, paa la ploti hukausha shuka kwa saa chache bila uniti hata moja. Ila kamba zisifungwe karibu na nyaya za stima, wala wasifunge waya wa chuma badala ya kamba pale zinapopita, maana wapo waliokufa kwa nguo iliyopeperushwa na upepo.

Jua linapotuaga mwezi wa Juni, mashine ishike zamu. Iwashwe mtu mzima akiwa nyumbani na macho, isiachwe ikizunguka watu wakiwa wamelala au wametoka. Na kabla ya kuizima usiku, mkono mmoja utoe chujio na kuondoa yale manyoya ya kijivu. Ni kazi ya nusu dakika, na hata mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza.