Ushahidi Kutoka Kati ya Almasi Mbili

Shimo lenye kina kirefu kuliko yote aliyopata kuchimba binadamu liko Kola, kaskazini-magharibi mwa Urusi. Mwaka 1989 lilifika mita 12,262, kisha joto la miamba likawashinda wachimbaji. Kutoka juu ya ardhi hadi katikati ya dunia ni takriban kilomita 6,370, kwa hiyo shimo hilo halikumaliza hata ganda la juu. Hata hivyo, vitabu vya shule vinaeleza bila kusita kwamba chini ya ganda kuna tabaka nene la miamba yenye joto kali, chini yake chuma kilichoyeyuka, na katikati kabisa chuma kigumu. Msomaji makini ana haki ya kuuliza ni nani aliyefika huko. Jibu ni kwamba hakuna, wala si lazima. Hali ya huko chini inaweza kuundwa mezani, na matokeo yake yakapimwa kwa ushahidi ambao haukutoka mezani hapo. Makubaliano ya mashahidi hao ndiyo yanayotupa haki ya kuamini.

Chombo kinachofanya kazi hiyo kilibuniwa mwaka 1958 katika ofisi ya taifa ya viwango ya Marekani, na kinaenea kiganjani. Ndani yake kuna almasi mbili zinazotazamana kama fuawe, kila moja ikiwa imekatwa ncha na kusawazishwa ikabaki na uso wenye upana usiofika nusu milimita. Katikati yake huwekwa gasketi ya chuma yenye kitundu, na ndani ya kitundu hicho sampuli isiyozidi unene wa unywele pamoja na punje ya yakuti. Mtafiti hukaza skrubu polepole kwa mkono. Nguvu si kubwa, lakini imebanwa kwenye eneo dogo mno, kwa sababu ileile inayofanya pini ipenye ubao kwa kusukumwa na kidole. Kwa njia hii limefikiwa hata shinikizo la katikati ya dunia, ambalo ni takriban mara milioni 3.6 ya lile la hewa tunayovuta. Almasi haisifiwi kwa ugumu wake tu, bali pia kwa kuwa inapitisha mwanga. Leza hupenya na kuichoma sampuli hadi maelfu ya nyuzi joto, eksirei hupenya na kuonyesha jinsi atomi zilivyojipanga, nayo yakuti hutoa mwanga mwekundu ambao rangi yake husogea kadiri shinikizo linavyopanda. Rangi hiyo ndiyo hutumika kama kipimo.

Wa kwanza kupinga atasema kwamba chembe ndogo hivyo haiwezi kuisemea sayari nzima. Lakini swali linaloulizwa hapa ni jinsi atomi zinavyojipanga zikibanwa, na hata chembe yenye upana wa sehemu moja ya mia ya milimita ina matrilioni ya atomi. Muhimu zaidi, jibu lake limekwisha kuhojiwa nje ya maabara. Katikati ya miaka ya 1970, Lin-gun Liu, akifanya utafiti Canberra, alibana na kuchoma madini ya silika na magnesi yakageuka kuwa fuwele nzito ya aina nyingine. Wataalamu walihitimisha kwamba hiyo ndiyo inayojaza sehemu kubwa ya upande wa chini wa lile tabaka nene la miamba. Mwaka 2014 fuwele hiyo ilithibitishwa ndani ya kimondo kilichoanguka Tenham, Australia, mwaka 1879, ambacho kiliwahi kupigwa na kubanwa vikali kikiwa angani. Ndipo ikapewa jina rasmi, brijmanaiti. Vivyo hivyo, kwa miaka mingi mawimbi ya matetemeko yalionyesha mabadiliko ya ghafla kilomita mia chache juu ya kiini cha chuma, na sababu haikujulikana. Mwaka 2004 watafiti wa Japani waliibana brijmanaiti kufikia shinikizo la kina hicho, ikajipanga upya mbele ya eksirei yao. Tetemeko na almasi havikupanga ushahidi pamoja, ila vilieleza jambo moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: vipimo hivi hukosewa, na wakati mwingine huvunja imani. Ni kweli. Kwenye mashinikizo makubwa sana, mizani tofauti bado hupishana kwa asilimia kadhaa. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha dai la timu ya Chuo Kikuu cha Rochester kwamba dutu iliyobanwa kati ya almasi ilipitisha umeme bila ukinzani kwenye joto la kawaida la chumbani. Makala hiyo iliondolewa mwaka 2022, na nyingine ya timu hiyo mwaka uliofuata. Ila tuitazame pamoja na kazi iliyotoka Mainz, Ujerumani, mwaka 2015, kuhusu haidrojeni na salfa iliyopoteza ukinzani kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri. Maabara nyingine zilirudia jaribio hilo zikaona jambo lilelile, ndiyo maana limesimama. Udogo wa chombo haukuliokoa dai la kwanza wala kuliangusha la pili. Kilichoamua ni kama wengine wanaweza kurudia.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee. Chini kabisa ya bara letu, juu ya kiini, kuna eneo kubwa ambamo mawimbi ya matetemeko hupita polepole, na wanasayansi wengi wanalihusisha na joto linalopanda chini ya Bonde la Ufa. Kama mawimbi hayo yanacheleweshwa na joto peke yake au pia na miamba ya aina nyingine, hatutajua kwa kuyasikiliza tu. Lazima madini yapimwe yakiwa yamebanwa na kuchomwa. Afrika bado haina mtambo wa sinkrotroni wa kutoa eksirei kali za kazi hiyo, lakini almasi mbili, leza na punje ya yakuti zinatosha kuanzia katika idara ya fizikia ya chuo kikuu. Ardhi inayochunguzwa ni yetu, na inafaa tuwe miongoni mwa wanaoihoji.