Wageni na Mikono ya Kazi



Baadhi ya matawi yameleta shauri kwamba wachumaji watokao nje ya Pemba wasipewe kazi mpaka wenyeji wote wawe wameshapata. Kabla halijapigiwa kura, twaona yafaa tueleze namna wageni wanavyozidisha watu wa kazi katika nchi.

Mtoto anayezaliwa leo hatapanda mkarafuu kabla ya miaka 15 au zaidi, na muda wote huo atalishwa, atavishwa na kusomeshwa. Mgeni ashukaye bandarini aghalabu ni kijana aliyekwisha kulelewa kwa gharama ya wazee wake huko alikotoka. Ndiyo sababu wageni mia huongeza mikono ya kazi upesi kuliko watoto mia.

Mashamba yetu yaliyaona hayo. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, wengi walioachwa huru hawakutaka tena kufanya kazi kwa amri ya mwenye shamba, na ilikuwa haki yao. Magugu yakaota. Waliokuja kupalilia, khasa Unguja, wengi walikuwa Wanyamwezi kutoka bara, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya Wajerumani. Palizi wenyeji wengi waliikataa kwa ujira ule, lakini kuchuma walichuma wenyewe, hata watu wa Unguja wakivuka kuja huku msimu ukifika. Basi mgeni yule hakumshusha mwenyeji mtini. Alimsafishia chini yake. (Tangu Muungano wa mwaka 1964 mtu wa bara si mgeni wa nchi tena, ila kwa shamba hesabu ni ile ile.)

Lakini mchumaji wa msimu hurudi kwao, na aliyebaki huzeeka kama sisi. Vijana wetu nao huhama, wengine Dar es Salaam, wengine Oman, ambako wao ndio wageni. Faida ni pale tu waingiao wakizidi watokao.

Khofu ya ujira kushuka si upuuzi. Karafuu zikiwa haba na wachumaji wengi, malipo ya pishi hushuka, na aumiaye ni mchumaji mwenyeji. Msimu mkubwa ni jambo jingine, maana karafuu haingoji mtu; ikisha kuchanua mtini thamani yake imeanguka.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lilete kabla ya mkutano hesabu ya msimu uliopita: wachumaji wenyeji wangapi, wageni wangapi, na mikarafuu mingapi iliyochanua kwa kukosa mtu wa kuipanda.