Nuru Ichomayo Jicho Bila Maumivu

Watu wa Goma wanajua moto. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo ulishuka, ukapita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu. Kila mtu aliuona, na kila mtu alikimbia. Lakini kuna moto mwingine, mdogo sana, usio na moshi wala sauti. Waweza kuchoma jicho la mtoto wako hapa Birere, naye asilie. Moto huo ni nuru ya leza.

LEZA NI NINI?

Mtu wa kwanza kutengeneza leza alikuwa Theodore Maiman, huko Marekani, mwaka wa 1960. Tangu hapo imefanya kazi nyingi njema. Hata waganga wa macho huitumia. Nuru ya tochi hutawanyika, na ukisimama mbali inapungua nguvu. Nuru ya leza haitawanyiki hivyo. Huenda kama uzi ulionyoka, na nguvu yake hufika mbali.

Vijitaa vya leza huuzwa pamoja na vitu vya kuchezea. Tena vijana wenye akili ya ufundi hujitengenezea wenyewe, wakitoa leza katika mashine mbovu ya kuandikia diski za DVD. Akili hiyo ni zawadi ya Mungu, hatuilaumu. Lakini kijana huyo hajui ameshika nguvu gani. Kijitaa cha kuonyeshea maandishi ubaoni chafaa kisizidi miliwati 1. Leza ya mashine ile yaweza kupita miliwati 100.

JICHO LINAUMIZWAJE?

Ukishika kioo cha kukuza juani, mwanga hukusanyika kuwa nukta moja, na majani makavu hushika moto. Mungu ameweka ndani ya jicho kioo cha namna hiyo ili tuone vema. Nuru ya leza ikiingia, kioo hicho huikusanya juu ya utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, na ukali wake huongezeka mara 100,000 hivi. Katikati ya utando huo ndipo tunaposomea na kutambua nyuso za watu. Nao hauhisi maumivu hata kidogo.

Mtu atasema, “Mtoto atafumba jicho upesi.” Ni kweli, lakini kufumba huchukua kama robo ya sekunde. Kwa leza dhaifu yatosha. Kwa leza kali, jicho limekwisha kuungua. Tena baadhi ya leza za kijani hutoa pamoja nayo nuru isiyoonekana, ambayo jicho haliikimbii.

USIFANANISHE NA MOTO WA FUNDI

Mafundi wa kuunganisha vyuma wanajua jambo hili: ukitazama moto wao bila kinga, usiku macho huuma kama yaliyotiwa mchanga. Baada ya siku moja au mbili, mara nyingi hupona. Hiyo ni kwa sababu moto ule umechoma ngozi ya mbele ya jicho, ambayo huuma na kupona. Leza huchoma nyuma. Ni kama kutazama jua wakati linapopatwa, kama lilivyopatwa katika nchi yetu tarehe 3 Novemba 2013. Huumwi, lakini kovu labaki. Wengine hupata nafuu kidogo kwa miezi, ila sehemu iliyokufa haifufuki, wala miwani haiwezi kuirudisha.

UTAJUAJE?

Mtoto mwenye jicho moja lililoungua huenda asijue, maana jicho zima huficha aibu ya mwenzake. Kwa hiyo mfunike jicho moja, kisha la pili, akitazama nondo za dirisha. Mwulize: Je, zimenyoka au zimepinda? Je, kuna doa jeusi katikati? Je, uso wangu unauona wote? Akionyesha dalili moja, mpeleke hospitali siku ile ile.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Usimnunulie mtoto leza, wala usimwachie aliyoitengeneza mwenyewe. Karatasi iliyobandikwa juu yake isikudanganye. Nguvu huzidi mara nyingi ile iliyoandikwa.

2. Usimwelekezee mtu usoni, wala dereva wa moto njiani, wala kioo. Maana kioo huirudisha nuru.

3. Wakatazeni watoto mchezo wa kushindana nani atakayetazama zaidi.

4. Jicho likiumizwa, usitie maziwa ya mama, wala maji ya majani, wala dawa ya jirani. Hayo hayafiki nyuma ya jicho, nayo yaweza kuleta ugonjwa wa pili.

5. Mtoto akikiri, usimpige. Akiogopa fimbo ataficha, na siku zitapita.

Wazazi wapendwa, Bwana Yesu alipofundisha juu ya mwili alilifananisha jicho na taa. Kijitaa cha kuchezea kikivunjika, twaweza kupata kingine. Taa hii hatupewi mara ya pili. Basi leo jioni, kabla ya sala, waulizeni watoto wenu kama yuko aliye nacho mfukoni.