Malipo ya Ruhusa ya Mashine: Tuyapime kwa Mwaka wa Mavuno Haba

Ndugu Wanachama,

Twasikia mara kwa mara habari za mashine za kumpunguzia mkulima kazi. Yafaa tujue kwamba bei ya mashine huenda isiwe gharama yote. Mvumbuzi hupewa na serikali hataza, yaani haki ya kumzuia mwingine kuutumia uvumbuzi wake bila ya ruhusa. Na ruhusa hiyo huiuza.

Tuseme mwenzetu wa Mazingara, huko Handeni, ataka mashine ya kuchakata mkonge yenye hataza. Aweza kutozwa mkupuo wa shilingi milioni 20, mara moja tu; ama mrabaha wa shilingi 200 kwa kila kilo ya singa; ama mrabaha huo pamoja na kima cha chini cha milioni 3 kwa mwaka. Akipata tani 30, mrabaha ni milioni 6. Akipata tani 5 ni milioni 1, lakini penye kima cha chini atalipa milioni 3 vilevile. Mrabaha mtupu hugawa hasara baina ya wawili. Mkupuo na kima cha chini humwachia mkulima peke yake.

Mambo haya yamekwisha kutokea. Huko Yakima, Marekani, wakulima wa hopsi waliuziwa mashine za kuchumia na kampuni ya Thys. Juu ya bei, kila msimu walitakiwa dola 500, au dola 3 na thuluthi kwa kila ratili 200 za hopsi kavu, kwa kufuata iliyo kubwa. Hataza za mashine zile zilikuwa zimekwisha ifikapo 1957, lakini madai yakaendelea. Wakulima waligoma, na mwaka 1964 mahakama ya juu kabisa ya huko ikaamua kwamba hataza ikisha, mrabaha wake haudaiwi tena.

Hukumu hiyo haitufungi sisi, lakini yatufunza. Mikarafuu yetu, kama mjuavyo, haizai sawa kila mwaka. Basi tuulize: mwaka wa mavuno haba tutalipa nini? Hataza yaisha lini? Je, imesajiliwa kwetu? Maana hataza ya nchi nyingine pekee haina nguvu hapa.

Mwanachama atakayeletewa mkataba wa namna hii aulete kwanza ofisini tuusome pamoja, kabla hajatia sahihi.

Katibu