Mawakili Wawili na Swali Lisilopimwa

Aghalabu mtazamaji anapokwenda kuona filamu ya kesi huwa na hamu moja tu, nayo ni kujua kama mshitakiwa aliua au hakuua, na watengenezaji wengi, kwa kuijua vema hamu hiyo, humwonyesha mwishoni kila kitu kama kilivyotokea, bunduki na damu na uso wa mwuaji, hata akatoka ukumbini nafsi yake imetulia. Otto Preminger hakufanya hivyo katika Anatomy of a Murder, filamu aliyoitoa Marekani mwaka 1959. Kwa muda wa dakika 160 hatuonyeshwi mauaji hata mara moja. Tuonyeshwacho ni mawakili wawili wakigombania namna mauaji hayo yatakavyosimuliwa, na mimi, ambaye kazi yangu ni kuchambua filamu, nasadiki ya kuwa hapo ndipo nguvu yake yote ilipojificha.

Kesi yenyewe ni hii. Luteni Frederick Manion wa jeshi la Marekani amempiga risasi Barney Quill, mwenye baa, baada ya Laura, mke wa Luteni, kumwambia mumewe kwamba Quill amemnajisi kwa nguvu. Kwamba Luteni aliua hakuna anayebisha. Kibishaniwacho ni hali ya akili yake saa ile. Asili ya kisa ni riwaya ya John D. Voelker, jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan, aliyeandika kwa jina la Robert Traver, na ambaye alipokuwa wakili alipata kumtetea mtu katika kesi ya mauaji yaliyotokea Big Bay mwaka 1952. Preminger, mwana wa mwendesha mashtaka na mwenyewe mhitimu wa sheria wa Vienna, alikichukua kikosi chake chote mpaka kaskazini ya Michigan, akapiga picha katika mahakama ya Marquette, ndani ya kuta za kweli.

Upande wa utetezi yupo Paul Biegler, anayechezwa na James Stewart. Tangu alipocheza Mr. Smith Goes to Washington mwaka 1939, Stewart alikuwa kwa Wamarekani sura ya mtu mwema asiyejua hila, mwenye kusitasita katika maneno yake kana kwamba ukweli unamlemea ulimini. Na Preminger aliichukua amana hiyo ya miaka 20 akaigeuza kuwa silaha. Biegler wake ni wakili wa mji mdogo, mpenda kuvua samaki, ambaye mbele ya juri hujifanya mshamba asiyeelewa makubwa, ilhali ndani ya unyenyekevu huo mna akili kali kama wembe. Tazama anapomzuru Luteni gerezani: anamweleza njia ambazo sheria humpa mwuaji kujitetea, anazifunga moja baada ya moja, kisha anasubiri, hata mshitakiwa mwenyewe anaanza kusema kwamba huenda alishikwa na wazimu. Wakili hakumfundisha uongo. Alimfungulia mlango, akatazama pembeni, na mteja akaingia kwa miguu yake mwenyewe.

Upande wa pili filamu haina haraka. Kwa muda mrefu mshindani wa Biegler ni mwendesha mashtaka wa wilaya, mtu wa kawaida, na mtazamaji huanza kudhani kwamba pambano ni jepesi. Kumbe ameketi pale Claude Dancer, msaidizi wa Mwanasheria Mkuu aliyetoka Lansing, makao makuu ya jimbo, kimya, nadhifu, akitazama. Anayemcheza ni George C. Scott, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya pili tu. Scott alijua jambo ambalo wachezaji wengi wachanga hawalijui, kwamba mbele ya mtu mwenye mwenendo wa pole kama Stewart haifai kupiga kelele. Sauti yake ni laini, adabu yake kamili, na hatua zake ni za mwindaji aliyekwisha kuona nyayo.

Wakati mmoja Dancer, akimsaili shahidi, anasimama mahali ambapo mwili wake unamziba Biegler asimwone huyo shahidi. Biegler anasogea, Dancer naye anasogea. Kamera haikatikati picha kutuonyesha uso huu kisha ule, bali inawaweka wote katika fremu moja, nasi tunaona kwa macho yetu vita ya kugombea hatua mbili za sakafu, mpaka Biegler anaghadhibika na kuapa kwamba hila hiyo ikirudiwa atamrusha mwenziwe katikati ya Ziwa Superior. Je, hasira hiyo ni ya kweli au ni mchezo kwa ajili ya juri? Nimeitazama mara nyingi, na kila mara nabadili jawabu. Stewart ameicheza katika mpaka wenyewe, na Scott, kwa kutulia kwake, anamwachia aonekane mkosa adabu. Lau Preminger angeliikata sehemu hiyo vipande vipande, tungelipata maneno tukapoteza vita.

Kati yao ameketi hakimu Weaver, anayechezwa na Joseph N. Welch, ambaye hakuwa mchezaji bali wakili wa kweli, yule aliyelitetea jeshi la Marekani dhidi ya tuhuma za Seneta McCarthy mwaka 1954. Inapobidi kutaja mahakamani nguo ya ndani ya Laura iliyochanika, na watu wakaangua kicheko, Weaver huwaacha wacheke mara hiyo moja, kisha huwakumbusha kwa upole kwamba mtu amekufa na mwingine yumo hatarini. Baada ya hapo hakuna achekaye.

Juri nayo yafaa kuelezwa kidogo kwa msomaji wa kwetu. Watu hao 12 si kama wazee wa baraza tuliowajua katika mahakama zetu, ambao walikuwa wakitoa rai na jaji akawa na hiari ya kuifuata au kuiacha. Hao ndio wanaokata neno. Kwa hiyo kila Biegler anaposema lisiloruhusiwa, na hakimu akawaamuru walisahau, yeye amekwisha kupata alilolitaka. Luteni anamwuliza mtu awezaje kusahau alichokwisha kukisikia, na wakili anamjibu, kwa utulivu unaotisha, kwamba hawezi. Sisi tulioketi gizani ni mjumbe wa 13 wa juri, nasi hatusahau.

Utetezi unasimama juu ya kile wanasheria wakiitacho msukumo usiozuilika, yaani kwamba mtu aweza kujua kuwa atendalo ni baya na bado asiweze kujizuia. Biegler na rafiki yake Parnell, mzee mlevi aliyewahi kuwa wakili hodari, wanaivumbua hoja hiyo katika hukumu ya Michigan ya mwaka 1886. Lakini kesi haiamuliwi na vitabu. Mary Pilant, msimamizi wa hoteli ya Quill, anaileta nguo iliyochanika, akisema ameikuta kati ya nguo za kufuliwa hotelini. Dancer anasimama. Hana budi kuuvunja ushahidi huo, na njia aliyoiona ni kumdhihirisha Mary kuwa hawara wa marehemu, mwenye wivu na chuki. Anamsogelea, swali juu ya swali, kila moja fupi kuliko lililotangulia, kwa uhakika wa mtu ambaye hajakosea tangu asubuhi. Mary anajibu kwamba Barney Quill alikuwa baba yake.

Mtazame Scott hapo. Hashtuki kama wachezaji wa jukwaani wanavyoshtuka. Uso unabaki ulivyo, ila nuru iliyokuwa ndani yake imezimika, na mtu aliyekuwa akijaa chumba kizima anakuwa mdogo mbele ya macho yetu. Anasema hana maswali zaidi, anarudi kitini. Wakili mjuzi haulizi wakati wa kudodosa jambo ambalo hajui jawabu lake, na kanuni hiyo ya kwanza ya kazi yake ameivunja yule aliyekuwa bingwa kuliko wote. Stewart naye, katika sekunde hizo, hafanyi lolote. Kwa mchezaji mwenye jina kubwa, kumwachia hasimu wake dakika ya kushindwa ili aicheze peke yake ni ukarimu usio mdogo. Stewart alipewa tuzo ya mchezaji bora huko Venice, na Scott alipendekezwa kwa Oscar. Filamu yenyewe ilipendekezwa mara 7 isipate hata moja, maana huo ulikuwa mwaka wa Ben-Hur.

Luteni anaachiliwa kwa sababu ya kutokuwa na akili timamu. Kesho yake Biegler na Parnell wanakwenda kambini alikokaa, wamechukua hati ya deni aitie sahihi, kwa maana wakili hajalipwa hata senti. Gari la nyumba walimokaa yeye na mkewe halipo. Imebaki barua, ambamo mteja anaeleza kwamba ameshikwa na msukumo usiozuilika wa kuondoka. Na pembeni kuna pipa la taka ambalo ukingoni mwake kinaning'inia kiatu cha mwanamke. Kama Luteni alikuwa mgonjwa au mwerevu, filamu haisemi. Wazee wawili wanaanza kuzungumza juu ya kazi ya kwanza ya ushirika wao mpya, nayo ni kusimamia mirathi ya Barney Quill kwa niaba ya binti yake.